Kiti cha Rubani na Jina la Mzee wa Lusu

Nimekosa mimi. Sikuwa nimelewa, sikusukumwa na shetani, wala hakuna mtu aliyenishikia panga shingoni. Nilisimama mbele ya watu, ukweli ninao mdomoni, nikautema nusu na nusu nikaimeza. Naandika haya nikiwa na hasira, na kila nikitafuta wa kumkasirikia narudi kwangu mwenyewe.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Vijiji nimeviacha, maana wenyeji watajitambua hata nikificha.

Nina duka la vipuri vya pikipiki Gongoni, hapa Tabora mjini. Kwetu hasa ni Goweko, nyumba ya Kimoraviani, wakulima wa tumbaku. Baba yangu alipofariki ndugu zangu waligawana mashamba. Mimi aliniachia kiti, ingawa kilibaki palepale Goweko.

Usicheke kwanza! Si kiti cha kawaida. Ni kiti cha rubani wa ndege ya vita, ile vita kuu ya pili. Ni cha aluminiamu, kimetobolewa matundu mgongoni ili kiwe chepesi, na pembeni kimeshikwa na ribiti ndogondogo za kuunganishia bati, zilizopangana kama punje za mahindi. Babu alikiwekea miguu ya mninga. Upande wa kushoto kimebaki kipande kifupi cha mkanda mnene, ncha yake imechanikachanika.

Hadithi ya kiti hicho niliinyonya pamoja na maziwa. Babu alikuwa mrina asali. Siku moja yuko porini na mwenzake, Msukuma mmoja, ndege ikaanguka karibu yao. Msukuma akatimua mbio. Babu akamtoa rubani, akambeba mgongoni kutoka pori lile hadi stesheni, na Wazungu kwa shukrani wakampa kiti.

Baba mkubwa, yaani kaka wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa bingwa wa kuisimulia. Ni mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Kukiwa na kikao cha ukoo anakalia kiti kile, anagonga ubavu wake kwa kidole, anasema, "Wanyamwezi tulibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani. Tushindwe kubeba Mzungu mmoja?" Watoto wanapiga makofi. Na mimi nilipiga, miaka yote!

Sasa kosa langu la kwanza, kama ni kosa, lilikuwa udadisi. Mimi nauza vipuri. Kwangu mimi namba iliyogongwa kwenye chuma ni kama ukoo wa mtu, inakwambia kimetoka wapi na kilifungwa kwenye nini. Siku nakiosha kile kiti nikaona chini yake kuna namba. Nikasema, haya, nitaitafuta ndege ya babu hadi niipate.

Jamani, nilihangaika! Ofisi moja ikanipeleka ofisi nyingine. Nikaambiwa niende uwanja wa ndege. Uwanja wa ndege wakaniuliza kama nina kibali cha kuwa na mali ile. Mwingine akaniambia, "Mzee, hilo si ungeuza tu chuma chakavu?" Nikapiga picha nikazituma mtandaoni kwa watu wa nje wanaopenda ndege za zamani. Mmoja akasema ni kiti cha ndege aina hii, mwingine akamtukana kwamba hajui kitu, ni aina ile. Waligombana wao kwa wao wiki nzima, mimi nimekaa natazama simu kama mjinga.

Mwishowe bwana mmoja mstaarabu akaniandikia hivi: namba peke yake haitoshi, ndege nyingi zilipita Tabora wakati wa vita. Akaniuliza, ilianguka wapi hasa? Nani mwingine aliiona?

Nani mwingine. Nikamkumbuka yule Msukuma aliyekimbia.

Nikaenda Goweko kwa baba mkubwa. Tukasalimiana, tukala, nikamuuliza yule mwenzake babu alikuwa nani.

"Masanja," akasema. "Mtu wa Lusu, kule Nzega. Mwizi tu yule. Alifungwa."

"Alifungwa kwa kosa gani, baba?"

Akaniangalia kama nimemwagia maji. "Kwa wizi. Wizi wake unakuhusu nini wewe?"

Nilirudi mjini hiyo kauli inanikera kama mwiba wa samaki kooni. Utotoni mwangu yule mtu alikuwa mwoga aliyekimbia. Leo amekuwa mwizi aliyefungwa. Hadithi haikuwahi kuwa na gereza ndani yake!

Nikafunga duka, nikapanda basi la Nzega, nikaenda Lusu.

Haikuwa kazi kumpata. Nilipomtaja Masanja wa ndege, kijana wa bodaboda akacheka, akasema, "Kumbe unataka kwa wezi wa ndege?" Alisema bila ubaya, kama mtu anavyotaja jina la mtaa. Akanishusha kwenye mji wa Bibi Kabula, nyumbani kwake.

Bibi Kabula ni binti wa Masanja, wa mwisho aliyebaki. Mkongwe, mwembamba, macho makavu yasiyopepesa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikajieleza natoka Goweko, mjukuu wa fulani. Alikuwa anapeta mchele. Ungo ukasimama.

"Kiti mnacho bado?" akauliza.

Sikuwa nimetaja kiti! Naapa sikuwa nimekitaja.

"Tunacho, bibi."

"Kuna mkanda uliokatwa, upande wa kushoto?"

Nikamwambia upo.

"Baba yangu ndiye aliyeukata. Kifungo kilikuwa kimekwama na yule Mzungu alikuwa anaungua miguu. Alikata kwa kisu cha kurinia asali."

Akanisimulia taratibu, bila kupandisha sauti. Masanja ndiye aliyembeba rubani hadi stesheni. Babu yangu alibaki porini kuilinda ndege. Serikali ya wakati ule ilipokuja kuchukua mabaki, vitu vikawa vimepungua. Askari wakauliza nani kachukua. Babu yangu akamwonyesha kidole mwenzake. Masanja akafungwa Tabora. Aliporudi Lusu mgongo ulikuwa umekwisha, hakulima tena, akaishi miaka michache akafa. Na jina likabaki. Wezi wa ndege. Kabula mwenyewe aliposwa mara ya kwanza, posa ikarudishwa kwa sababu ya jina hilo.

"Baba alisema kiti kilifukiwa shambani kwenu," akamalizia. "Alipiga kelele hadi akachoka. Nani angemsikiliza mfungwa?"

Nikakumbuka sehemu ya chini ya kiti chetu imeliwa na udongo, vidonda vidogovidogo kwenye aluminiamu. Kipuri kilichokaa juu ya ardhi hakiliwi hivyo. Mimi ni mtu wa vipuri, nilikuwa nikiviona tangu zamani, ila sikutaka kujiuliza.

Nikamuuliza anataka nini kwetu. Nilidhani atataja ng'ombe, au atataka kiti. Akatikisa kichwa.

"Nataka mtu wa nyumba yenu asimame hapa uani kwangu, majirani wakiwepo, aseme Masanja hakuiba. Maneno hayo tu. Nami nitakufa nimelala vizuri."

"Nitasema, bibi."

"Utasema?"

"Nakuahidi kwa jina la Mungu."

Mungu wangu! Ningejua, ningefunga mdomo.

Nilikwenda moja kwa moja Goweko. Nilimweleza baba mkubwa yote, nikitarajia atang'aka. Hakung'aka. Alivuta uzi wa kofia yake. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Baba aliniambia kabla hajafa. Mimi peke yangu. Baba yako hakujua."

Fikiria! Miaka yote ya kugonga kiti kwa kidole, miaka yote ya makofi ya watoto, anajua! Nikamuuliza alikuwa anaisimulia kwa moyo gani. Alinishika mkono, yeye mzee mzima.

"Mwanangu, mimi nimesimama mbele ya kanisa tangu ujana wangu nikiwaambia watu wasiseme uongo. Ukiyatoa haya, nitakaa wapi? Nenda huko, sawa. Nitakuja na wewe. Ila useme kwa upole. Usimvue nguo babu yako."

Nikamjibu, "Nitasema kwa upole, baba."

Ndipo hapo nilipojifunga. Nilikuwa nimetoa ahadi mbili zisizoweza kukaa nyumba moja, na sikuwa na ubavu wa kuvunja hata moja.

Siku ilipangwa, Jumapili baada ya misa, maana Bibi Kabula ni Mkatoliki. Tulifika na kiti kimefungwa nyuma ya gari la rafiki yangu. Ile hali niliyoikuta uani bado inaniumiza. Ua umefagiliwa hadi ardhi imeng'aa. Mikeka imetandikwa, mabenchi ya kanisani yameazimwa. Bibi amevaa kitenge kipya chenye mikunjo ya dukani. Amewaalika hasa wale waliokuwa wakiwaita wezi, wao na watoto wao na wajukuu wao. Wali na nyama vinanukia jikoni.

Watu walikizunguka kiti, wakakigusa, wakaingiza vidole kwenye matundu. Bibi Kabula alikwenda moja kwa moja upande wa kushoto. Akaushika ule mkanda uliokatwa. Hakulia. Aliushika tu, kisha akaenda kukaa mbele.

Nikasimama. Nilianza vizuri, nasema kweli. Nilimtaja Masanja kwa jina. Nikasema ndiye aliyekata mkanda, ndiye aliyembeba Mzungu hadi stesheni, na kwamba sisi Goweko tulijipa sifa isiyo yetu. Watu wakaguna kwa mshangao. Bibi alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

Nikafika kwenye wizi.

Baba mkubwa akakohoa. Nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, kofia mapajani, amekuwa mdogo ghafla, kama mtoto anayesubiri fimbo. Na mimi, bwege mkubwa, nikamwonea huruma mtu asiyestahili kuonewa huruma saa ile.

Nikasema, "Kuhusu kiti, ndugu zangu, zamani ni zamani. Hawa wazee wawili walikichukua pamoja, ila mzee Masanja ndiye aliyepatwa na mkono wa sheria. Tuwasamehe wote."

Nilisema hivyo! Kwa mdomo wangu huu!

Kisha mzee mmoja wa nyuma akacheka, akasema kwa sauti, "Aaa, basi kumbe kweli alichukua!" Wengine nao wakacheka, si kwa ubaya, kwa nafuu, kama watu waliogundua kwamba hawakuwa wamemwonea mtu miaka yote.

Bibi Kabula alinyanyuka. Alikuja hadi mbele yangu, karibu kabisa, nikasikia pumzi yake.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, "walikuwa wanasema bila ushahidi. Leo umewaletea ushahidi."

Akaingia ndani. Hakutoka tena. Chakula kiliandaliwa na binti zake, watu wakala. Nilikuwa nimepanga kiti kibaki kwake, nilikuwa nimemwambia mke wangu hivyo. Binti yake akaja kunong'ona, "Mama anasema mwondoke na kiti chenu."

Njiani kurudi baba mkubwa akanipiga begani. "Umeongea kiutu uzima," akasema. "Umeokoa nyumba mbili." Nilitaka kumwambia rafiki yangu asimamishe gari nishuke nitembee. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoiweza siku hiyo.

Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho nilipofika nyumbani. Akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo yule bibi umemwacha na nini?"

Wiki zilizofuata nikapigiwa simu na binti yake bibi. Hakunitukana, bora angenitukana. Alisema mama yake ameacha kwenda jumuiya ya kanisani. Alisema watoto kisimani sasa wana neno jipya: "Hata wenzao wa Goweko wamekiri."

Nikarudi Lusu peke yangu. Nilimkuta mlangoni, amesimama.

"Shikamoo, bibi."

Kimya.

Nikarudia. "Shikamoo."

Hakuitikia. Jamani, mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaokaribia kuoa, na sijawahi katika maisha yangu kunyimwa marahaba. Ni heri angenichapa. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi, nikasema yote, kwamba Masanja hakuiba, babu yangu ndiye mwizi, tena msingiziaji, na mimi ni mwoga.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Mimi hayo nayajua. Uongo umeusema mbele ya watu wote, halafu ukweli unakuja kuninong'oneza mimi mlangoni? Nenda kawaambie wao."

Akafunga mlango.

Basi ndiyo kazi niliyo nayo mpaka leo. Kila nikipata nafasi nafunga duka nakwenda Lusu, napita nyumba kwa nyumba kwa wale waliokuwepo. Na hakuna kazi inayochosha kama kuchukua maneno yako yaliyokwisha kutawanyika! Wengine wananiambia, "Sisi tulishasahau, mzee, pumzika." Uongo, hawajasahau, ni mimi tu wanayetaka nisahau. Mama mmoja aliniuliza bibi kanihonga nini. Mwingine alisema, "Mwanzo ulisema hivi, leo vile, kesho utasema ndege yenyewe haikuanguka?" Ana haki.

Yule mzee aliyecheka nikaambiwa amehamia Ulyankulu kwa mwanawe. Nikamfuata kwa pikipiki, barabara imekatika kwa mvua, nikaanguka na kuchubuka goti. Nilipomfikia nikamweleza. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Nilicheka tu, bwana. Hata sikumbuki ulisema nini." Akanikaribisha mihogo.

Nusura nilie. Kitu kilichomvunja Bibi Kabula, huyu alikitumia kucheka tu, kikampita.

Paroko wa Lusu nilimwendea nikamwomba nisimame kanisani. Akanijibu vizuri kabisa: nije na mkubwa wa ukoo wangu, kwa sababu mara ya kwanza nilikuja naye na yeye hakupinga. Nikaenda Goweko kumsihi baba mkubwa. Nimemsihi kwa upole, nimemsihi kwa ukali, nimempelekea wachungaji wawili. Mara ya mwisho alinifukuza. Ukoo mzima sasa unaniona mimi ndiye ninayemtafutia mzee kifo. Dada zangu hawapokei simu.

Naye anaumwa. Miguu imevimba. Bibi Kabula naye nasikia haamki vizuri siku hizi. Wazee wawili, mmoja Goweko, mmoja Lusu, na mimi nakimbia katikati yao nikiomba Mungu asimchukue yeyote kabla mmoja hajasema na mwingine hajasikia. Na ile ndege? Yule bwana wa nje aliniandikia tena kwamba amepata fununu ya ilikotokea. Sijamjibu. Sina hamu.

Kiti nimekitoa Goweko kwa nguvu, kipo stoo ya dukani, kimefunikwa turubai. Hakuna anayekikalia. Baba mkubwa amesema nimemnyang'anya heshima yake. Nimemwambia haikuwa yake. Hilo angalau nilimwambia usoni, mbele ya wanawe, bila kukohoa wala kusubiri akohoe yeye. Kwa nini sikuweza siku ile? Najiuliza hadi kichwa kinauma!

Msomaji mwenzangu, kila nyumba ina kitu cha zamani chenye hadithi tamu. Mkuki, saa, sanduku, picha ya mtu mwenye sare. Kama unapenda hadithi yako ilivyo, iache, wala hutalaumiwa na mtu. Lakini ukiamua kuchimba, chimba ukijua kwamba upande wa pili wa ile hadithi kuna mtu hai, na huenda amekuwa akikungojea maisha yake yote.

Ukimkuta, usimpe nusu. Usiseme "wote walikosea" pale unapojua aliyekosea ni mmoja. Neno hilo linasikika kama upatanisho, watu watakusifu kwa busara, mzee wako atakupiga begani. Na kuna mtu ataingia ndani kwake asitoke tena.

Jumamosi hii naelekea Lusu. Zimebaki nyumba za upande wa bwawani. Nikimaliza huko nitapita kwa bibi, nitampa shikamoo. Asipoitikia, nitarudi tena.